Kiatu cha kazi kihesabiwe kwa siku, si kwa jozi

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara akinunua mzani, friji au pikipiki, hujiuliza chombo hicho kitamtumikia kwa muda gani na kitamgharimu kiasi gani mpaka siku ya kukiuza au kukitupa. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akienda kununua viatu vya kazi, swali lake ni moja tu: bei gani? Akitajiwa bei mbili huchukua ile ya chini, akaondoka akiamini ameokoa mtaji.

Wiki hii tunajifunza namna ya kuhesabu bei ya viatu vya heshima, vile vya kuvaa kazini na safarini, kama tunavyohesabu bei ya chombo chochote cha kazi. Somo hili linamhusu wakala anayezunguka kwa wateja, karani, mwenye duka anayesimama kutwa nzima na yule anayepanda basi kila mwezi kufuata mzigo. Hao wote wanatafuta riziki kwa miguu.

Niliyojifunza Dodoma

Mwandishi wa makala haya alilipia somo hili kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na shahada ya biashara lakini sina akili ya viatu, nilinunua moka nyeusi zinazong'aa katika duka moja hapa Dar es Salaam. Zilikuwa za bei rahisi na zilionekana kama za mkurugenzi. Mwezi wa tatu nilitumwa Dodoma kuandika habari za mkutano wa wafanyabiashara. Mvua ilikuwa imenyesha, na kutoka stendi hadi ukumbini soli ya kiatu cha kulia ikafungua mdomo. Nikamkimbilia fundi viatu aliyekuwa chini ya mti kando ya barabara.

"Shikamoo mzee. Naomba unishonee hiki haraka, nina mkutano."

"Marahaba mwanangu," alijibu, akakigeuza kiatu mara mbili. "Nitakipaka gundi, lakini sikushonei. Hiki hakina pa kushika uzi. Juu ni plastiki na chini ni povu."

Gundi haikufika mchana. Nilimaliza mkutano nikiwa nimevaa malapa, nimeketi kiti cha nyuma kabisa. Maswali niliyotayarisha kumwuliza mgeni rasmi nilirudi nayo kwenye daftari, kwa sababu sikuthubutu kusimama mbele za watu. Habari niliyoandika ilikuwa nyembamba, na mhariri hakunificha.

Mwaka ule nilinunua jozi 3 za namna hiyo. Nilipojumlisha bei zake pamoja na gundi za njiani, nikaona kwamba maneno ya fundi, "hakina pa kushika uzi", yalikuwa somo la uhasibu. Kiatu kisichotengenezeka ni matumizi, kama ilivyo nauli: ukishalipa kimekwisha. Kiatu kinachobadilishwa soli ni mali ya kudumu, ina uchakavu wake, ina matengenezo yake, na thamani yake inagawanywa kwa miaka.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, kwa hiyo msomaji aweke bei za soko lake. Tuseme mtu anafanya kazi siku 25 kwa mwezi, na kila siku anavaa jozi moja.

Jozi ya kwanza, tuiite A, ni ya soli ya kubandikwa. Bei yake ni sh. 40,000 na inadumu siku 120. Ukigawanya, gharama yake ni sh. 333 kwa siku.

Jozi ya pili, B, ni mpya, ya ngozi halisi na soli ya kushonwa. Bei yake ni sh. 150,000. Baada ya siku 300 inabadilishwa soli kwa sh. 25,000, na baada ya siku 300 nyingine inabadilishwa tena kwa bei hiyo hiyo. Tukiweka sh. 25,000 za dawa ya viatu na visigino, jumla ni sh. 225,000 kwa siku 900. Hiyo ni sh. 250 kwa siku.

Kwa siku hizo 900, mwenye A atanunua jozi 7 na nusu, yaani sh. 300,000. Mwenye B ameokoa sh. 75,000. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari na kusema ghali ndiyo rahisi. Wanakosea, kwa kuwa hesabu bado haijaisha.

Pesa nayo ina bei

Ili anunue B badala ya A, mtu anatoa sh. 110,000 za ziada siku ya kwanza. Tuseme ni mchuuzi ambaye mtaji wake unazunguka na kumpa faida ya asilimia 10 kwa mwezi. Sh. 110,000 zikitoka dukani zikaingia miguuni, anakosa sh. 11,000 kila mwezi. Kwa siku 120 za kazi, ambazo ni chini kidogo ya miezi 5, amekosa karibu sh. 53,000.

Wakati huo mwenye A ananunua jozi ya pili, kwa hiyo tofauti yao inashuka hadi sh. 70,000. Kwa siku 120 zinazofuata mwenye B anakosa karibu sh. 34,000 nyingine. Jumla yake ni sh. 87,000, na miezi 10 haijatimia. Ile akiba ya sh. 75,000 aliyoitarajia baada ya miaka 3 imeshaliwa yote.

Kama fedha hizo amezikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hali ni hiyo hiyo, ila safari hii anadaiwa na mtu mwingine. Wataalamu wa biashara huiita gharama ya fursa: faida unayoikosa kwa sababu pesa yako imekaa mahali pengine. Mwenye mshahara ambaye akiba yake imelala benki kwa riba ndogo anaweza kununua B na akapata faida ya kweli. Mchuuzi ambaye shilingi yake inazaa kila wiki asikimbilie jozi hiyo kwa kusikia tu kwamba kiatu kizuri ni kitega uchumi.

Nchi yetu ina ukumbusho mkubwa wa jambo hili. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na lengo la kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata moja ya kumi ya uwezo wake wa uzalishaji, lakini deni halikupungua kwa sababu hiyo. Fedha ikifungwa mahali isipozaa ni hasara, hata kama ilichonunua kina jina kubwa.

Njia ya katikati

Ipo njia ya tatu, nayo inamfaa mwenye mtaji mdogo. Jozi C ni mtumba wa ngozi halisi wenye soli ya kushonwa. Tuseme umeupata kwa sh. 50,000, ukampelekea fundi siku hiyo hiyo aweke soli mpya kwa sh. 25,000. Umetoa sh. 75,000. Baada ya siku 300 unabadilisha soli tena kwa sh. 25,000. Ongeza sh. 20,000 za dawa na visigino. Jumla ni sh. 120,000 kwa siku 600, yaani sh. 200 kwa siku.

Tofauti na A siku ya kwanza ni sh. 35,000 tu, na siku ya 120, mwenye A anaponunua jozi ya pili, ameshatoa sh. 80,000 na kukupita. Faida uliyoikosa katika muda huo ni karibu sh. 17,000. Kwa siku 600 mwenye A atakuwa ametumia sh. 200,000. Umeokoa sh. 80,000, na hata ukitoa zile sh. 17,000 na faida ya sh. 25,000 za soli ya pili, bado uko mbele.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: mtumba huo uwe kweli ni wa ngozi na wa kushonwa. Hapo ndipo panahitaji macho.

Namna ya kukagua

Kwanza, geuza kiatu utazame soli. Viatu vingi vya kushonwa vinafuata mojawapo ya njia mbili zilizotokea Marekani. Njia ya kwanza ni ya mashine ya Lyman Blake, iliyopewa hataza mwaka 1858: uzi unatoka soli ya ndani moja kwa moja hadi soli ya nje. Ukiingiza vidole ndani ya kiatu, au ukiinua kile kitambaa cha juu ya soli ya ndani, utaukuta mstari wa uzi. Njia ya pili inaitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, ambaye mashine yake ni ya miaka ya 1870. Baba yake ndiye aliyegundua namna ya kuimarisha mpira kwa moto. Katika njia hii ngozi ya juu inashonwa kwenye ukanda mwembamba unaozunguka kiatu, kisha soli inashonwa kwenye ukanda huo. Fundi anakata uzi wa ukanda, anaondoa soli iliyokwisha na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Mji wa Northampton, Uingereza, umejijengea jina kwa viatu vya namna hii, na mitumba yake huonekana katika masoko yetu.

Jihadhari na ushonaji wa bandia. Viwanda vingi humwaga soli ya mpira ikiwa na alama za nyuzi ubavuni, na hakuna uzi unaoshika kitu. Pitisha ukucha kati ya soli na ngozi. Ukiona gundi imejaa na uzi hauingii popote, hicho ni A aliyevaa kanzu ya B.

Pili, kagua ngozi. Ikunje kwa kidole gumba. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo kisha hurudi polepole, na plastiki hutoa mkunjo mmoja mpana. Tazama ukingo uliokatwa, mathalani kwenye ulimi wa kiatu: ngozi ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi, ilhali plastiki ina kitambaa chini na utando juu. Usikubali kujaribu kwa kiberiti, kwa sababu hata ngozi nzuri utaiharibu.

Kwa mitumba kutoka Ulaya kuna msaada zaidi. Kwa mujibu wa agizo la mwaka 1994, viatu vinavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya vinatakiwa kuwa na alama za kueleza sehemu 3: ya juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo hilo hilo likiwa na uru ndani yake, kama uru wa kwenye karata, ni ngozi iliyopakwa utando wa plastiki. Wavu ni kitambaa. Uru peke yake ni kitu kingine, kama plastiki au mpira. Mchuuzi anayezijua alama hizi anaweza kulipanga belo lake kwa thamani halisi badala ya mng'ao.

Tatu, ogopa soli nyepesi ya povu, ile ambayo viwanda huita poliuretani. Ni laini mguuni, lakini unyevu wa hewa unaivunja taratibu hata kama kiatu hakivaliwi. Kiatu kinaweza kukaa miaka kabatini au ndani ya kontena, kikafika sokoni kikionekana kipya, halafu siku ya tatu soli ikamomonyoka kama kashata. Bonyeza soli kwa ukucha na kunja kiatu. Ikiacha shimo, ikinata au ikionyesha nyufa ndogo, kirudishe hata kama kina jina la mbali. Kwa miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, jambo hili lisidharauliwe.

Nne, usidhani ngozi ni bora kila mahali. Soli ya ngozi hunyonya maji na huisha haraka kwenye kokoto na tope. Kwa barabara zetu mwambie fundi aweke soli ya mpira mgumu. Juu ngozi, chini mpira, katikati uzi: hiyo ndiyo jozi ya mtu anayetembea.

Ukubwa wa mguu

Kiatu kinachobana ni hasara hata ukipewa bure. Nunua alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama na ununue kwa ule mkubwa. Acha nafasi ya karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Hakikisha kiatu kinakunjika pale mguu wako unapokunjika, na kisigino hakipandi na kushuka unapotembea.

Usitegemee namba peke yake. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, na za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, ambayo ni karibu milimita 8 na nusu. Ndiyo maana namba 2 zinazoandikwa kuwa sawa haziwi sawa mguuni. Kwa mtumba, ingiza mkono uguse soli ya ndani. Kama mwenye kiatu wa kwanza ameacha mashimo makubwa ya nyayo zake, mguu wako utateseka kuyafuata.

Akina mama wanaosimama dukani watazame kisigino kifupi na kipana. Kisigino kirefu hupeleka uzito wa mwili mbele, kwenye vidole. Na yeyote mwenye kisukari asicheze na kiatu kinachosugua. Ganzi ya miguu inaweza kumfanya asisikie lengelenge, na kidonda kidogo kikawa cha miezi au kikafika kwenye kukatwa mguu. Kwake kiatu kinachomkaa sawasawa ni sehemu ya tiba.

Safarini

Ukikaa saa nyingi kwenye basi, mathalani safari ya Mwanza ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, miguu huvimba. Kiatu cha kamba kinafaa kuliko moka kwa sababu kinalegezwa na kukazwa. Usivae kiatu kipya siku ya safari. Kizoeze kwanza siku kadhaa kwa safari fupi. Beba ndala za kuvaa garini na uweke soksi ndani ya viatu vilivyo mkobani ili visibonyee.

Matengenezo

Mali yoyote ya kudumu ina daftari la matengenezo. Kiatu kinachopumzishwa siku moja baada ya kuvaliwa hukauka jasho na hudumu zaidi. Lakini usinunue jozi 2 kwa mpigo. Anza na moja, jozi ya pili ije kwa akiba ambayo ya kwanza imekuletea.

Kikilowa, kijaze magazeti na ukiweke kivulini penye upepo, kamwe si juani wala karibu na jiko, kwa sababu ngozi itakakamaa na kupasuka. Futa vumbi kwa brashi kabla ya kupaka dawa. Vaa kwa kijiko cha viatu, usikanyage kisigino. Na mpelekee fundi mapema. Kisigino kikilika upande badilisha kipande chake wakati bado ni kazi ya shilingi chache. Ukingoja soli itoboke, utalipia soli na ngozi.

Kwa anayetaka kuuza

Wapo wasomaji watakaotaka kuifanya elimu hii biashara. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na ngozi si haba. Viatu vya ngozi vinatengenezwa nchini, kikiwemo kiwanda cha Karanga mjini Moshi, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Mwenye mtaji mdogo si lazima aanze na kiwanda wala na belo zima. Anaweza kununua kwa wachuuzi jozi chache za kushonwa zilizochoka soli, ambazo wengine wanazipita, akazipeleka kwa fundi mzuri na kuziuza zikiwa na soli mpya. Faida yake iko kwenye kutambua uzi. Asiweke zaidi ya jozi anazoweza kuuza kwa mwezi, kwa sababu kiatu kina namba, na namba isiyo na mteja hulala.

Zoezi la wiki

Kabla ya kununua jozi nyingine, chukua daftari uandike viatu vyote vya kazi ulivyonunua kwa miaka 2 iliyopita, bei zake, na kila ulichomlipa fundi. Gawanya kwa siku ulizovivaa. Kisha andika pembeni faida ambayo mtaji wako hukuletea kwa mwezi. Tarakimu hizo 2 zitakueleza kama unahitaji A, B au C, kuliko atakavyokueleza muuzaji yeyote wa Kariakoo.

Mimi nilipofanya zoezi hilo, jibu lilikuwa C. Jozi hiyo ninayo mpaka leo, imebadilishwa soli mara 2, na mkutano uliofuata niliketi kiti cha mbele.